Mbele ya kunyoa kichwa, tupime



Namba hii tunaomba kurasa chache juu ya jambo ambalo kila mmoja analiona katika internati yetu, lakini hakuna mwenye kuliandika. Ni jambo la vichwa. Kila mwanzo wa masomo sisi makapita tunapewa kazi ya kupita katika vyumba vya kulala na kuangalia kichwa cha kila mwanafunzi, zaidi wale wadogo wa mwaka wa saba na wa nane. Mwenye kuonekana na kipara chenye unga, jina lake linaandikwa. Kisha ananyolewa, analala fasi ya peke yake, na mara nyingine anarudishwa kwa wazazi mpaka apone. Kazi yote hiyo inafanyika kwa macho tu. Hakuna anayepima kitu.

Sisi tunasema wazi: kazi ya macho ni nzuri, lakini haitoshi. Mbele ya mtoto kutengwa ao kurudishwa nyumbani, unga kidogo wa ngozi yake na nywele chache ziende ku labo, ziangaliwe kwa mikroskopi. Juu ya nini? Juu macho yanaweza kusema "kuna kitu hapa", lakini hayawezi kusema ni kitu gani.

UGONJWA WENYEWE

Mapunye, ile ambayo wengine wanaita tenye, ni ugonjwa wa kuvu. Hapa Lubumbashi watu wanasema tu "shampinyo". Jina hilo si baya, maana kuvu ni ndugu ya uyoga ambao mama zetu wanauzisha kando ya barabara wakati wa mvua. Kila mtu wa Katanga anajua kwamba uyoga unaoonekana juu ya udongo ni sehemu ndogo tu; chini kuna nyuzi nyembamba zinazotembea ndani ya majani yaliyooza na kati ya mizizi ya miti. Kuvu wa ngozi naye ni vile. Hana kofia ya kuonekana, ana nyuzi na mbegu tu, na chakula chake si majani. Anakula keratini, ile kitu ngumu inayojenga nywele, kucha na ngozi ya juu kabisa. Njo maana anakaa kichwani, kati ya vidole vya miguu, ku kinena na chini ya kucha.

Si kuvu mmoja. Wale wa kichwani ni wa makabila mawili, Trichophyton na Microsporum. Wengine wanatoka kwa mtu kwenda kwa mtu, wengine kwa paka, mbwa ao ng'ombe, na wachache wanakaa mu udongo. Kongo yetu ina fasi yake katika masomo hayo. Mwaka 1950 Mbelgiji Raymond Vanbreuseghem alieleza kuvu wa mapunye wa Kongo na kumpa jina Microsporum langeronii. Leo wataalamu wanamhesabu kuwa Microsporum audouinii. Ni yeye pia aliyeonyesha, mwaka 1952, namna ya kuwatega kuvu wa udongo kwa chambo cha nywele: unaweka nywele safi juu ya udongo wenye maji kidogo, unangoja, na kuvu mwenye kupenda keratini anakuja mwenyewe.

Tena tujue jambo hili. Mapunye ya kichwa yanapenda watoto. Mtu akiisha kubalehe, ngozi ya kichwa inabadilika na ugonjwa huu unakuwa haba. Kwa hiyo wanaoandikwa majina ni wadogo wetu karibu kila mara. Lakini ndugu wa kuvu hao wanakaa vizuri sana kati ya vidole vya miguu ya sisi wakubwa, juu tunaoga fasi moja, sakafu haikauki, na viatu vinavaliwa toka asubuhi mpaka jioni. Nani alishapita kuangalia vidole vya wanafunzi wa darasa la mwisho? Hakuna. Mdogo anaitwa mchafu mbele ya wenzake, na mkubwa anajikuna ndani ya soksi kimya kimya. Hiyo si haki.

MACHO YANADANGANYA

Mtu atasema: "Mapunye? Si kila mutu anayajua? Juu ya nini kwenda kusumbua labo?" Tujibu kwa mifano.

Kuna ugonjwa wa nywele kuanguka ghafla, fasi moja ya mviringo, ngozi ikibaki laini bila unga. Hakuna kuvu pale. Ni mwili wenyewe unaoshambulia nywele zake, na hauambukizi mtu. Kuna dada zetu ambao nywele zinakatika ku paji la uso na kando ya masikio juu ya kusukwa kwa nguvu. Hakuna kuvu pale pia. Kuna mba ya kawaida. Kuna pumu ya ngozi, na magonjwa mengine ya magamba meupe. Kwa upande mwingine, kuna mapunye ambayo hayafanani na mapunye: kichwa kinavimba, kinatoa usaha, na watu wanasema ni jipu. Wanalikamua, hata wanalipasua kwa wembe. Lakini ni kuvu, na mwili unapigana naye kwa nguvu. Mtoto asipopata dawa ya kweli mapema, fasi ile inaweza kubaki na kovu, nywele zisiote tena maisha yake yote.

Ku ngozi ya mwili ni vile vile. Madoa meupe ao ya kahawia ku kifua na ku mgongo, yale yanayozidi wakati wa joto, yanaletwa na kuvu mwingine anayeitwa Malassezia, ambaye anaishi juu ya ngozi ya karibu kila mtu, msafi na mchafu. Hakuna haja ya kumtenga mtu juu yake. Lakini kuna doa lingine, lenye rangi iliyofifia, ambalo ukiligusa kwa unyoya mgonjwa hasikii kitu. Lile linaweza kuwa ukoma. Ukoma haujaisha katika inchi yetu, na una dawa inayoponya kabisa, lakini dawa inapaswa kuanza mbele mishipa ya mikono na miguu haijaharibika. Mwenye kupaka doa lile pomadi ya shampinyo miezi sita anapoteza miezi sita ya vidole vyake.

Kisha kuna tubu za ku soko. Wote tunazijua, wanaoziuza wanasema zinaponyesha kila kitu na tena zinaangaza ngozi. Nyingi zina dawa ya nguvu ya jamii ya kortizoni. Ukipaka juu ya choa, yaani lile baka la mviringo, mwasho unapungua kwa siku chache, wekundu unapotea, na wewe unasema nimepona. Kumbe kuvu anaendelea kutembea chini, bila pete, bila alama. Mwaka 1968 waganga wawili wa Uingereza, Ive na Marks, waliandika juu ya kuvu wa namna hii, aliyevaa nguo ya kujificha. Kwa ngozi iliyopakwa vile, hata macho ya munganga mkubwa yanaweza kupotea. Mikroskopi haidanganywi upesi vile, maana kuvu aliyelishwa kortizoni anazidi kuwa mwingi.

SAWA VILE GE

Mtu wa Lubumbashi akipata homa, neno la kwanza ambalo jirani anamwambia ni nini? "Ulishapima GE?" Hata mama asiyesoma anajua kwamba si kila homa ni malaria, na kwamba tone la damu juu ya kioo linapaswa kusema mbele ya dawa. Hilo limeingia katika akili yetu, na ni jambo la kumshukuru Mungu. Basi tunauliza: kama damu inapimwa, juu ya nini ngozi inahukumiwa bila kupimwa? Kioo ni kile kile. Mikroskopi ni ile ile. Fundi ni yule yule.

Kazi yenyewe ni hivi. Fundi anapangusa fasi kwa alkoli ili kuondoa mafuta na pomadi. Kisha anakwaruza ukingo wa baka, si katikati, juu kuvu anatembea toka ndani kwenda nje, na ku ukingo ndiko anakopatikana mzima. Kichwani anachukua unga na vile vijiti vifupi vya nywele zilizokatika, vinavyoonekana sawa vidoti vyeusi. Nywele ndefu nzuri haina kazi. Vyote vinakunjwa ndani ya karatasi safi na kavu. Vikiwa vikavu vinaweza kungoja siku nyingi bila kuharibika, kwa hiyo hakuna haja ya kukimbia.

Ku labo, kidogo kinawekwa juu ya kioo pamoja na tone la potasi ya asilimia 10 mpaka 20. Wanafunzi wa sayansi, ni ile KOH ya somo la kemia. Potasi inalainisha keratini na kufanya magamba yapitishe mwanga, lakini ukuta wa kuvu haiuvunji upesi. Unangoja dakika 10 mpaka 20; kucha zinangoja zaidi. Kisha unaangalia. Kama kuvu yuko, utaona nyuzi ndefu zenye matawi, zimegawanyika kwa vizuizi vidogo sawa mafundo ya mwanzi. Ku nywele utaona mbegu za mviringo: zikijaa ndani ya nywele sawa mahindi ndani ya mfuko, mara nyingi ni Trichophyton; zikifunika nywele kwa nje, mara nyingi ni Microsporum. Vile, mbele ya nusu saa kuisha, umekwisha kujua kwamba ni kuvu na umepata wazo la kabila lake.

Elimu hii si ya jana. Kati ya 1841 na 1844, mjini Paris, David Gruby alionyesha kwa mikroskopi kwamba mapunye yanaletwa na viumbe wadogo wa jamii ya kuvu. Ni zaidi ya miaka 180 sasa. Tusiseme kwamba ni mambo ya wazungu wa kesho.

Lakini tuwe wa kweli: mikroskopi nayo inaweza kukosa. Kama fundi hakuchukua fasi nzuri, ao mtoto alikwisha kupakwa dawa, jibu la "hakuna" si hakika. Njo maana kuna hatua ya pili, kupanda kuvu. Mfaransa Raymond Sabouraud, aliyeishi toka 1864 mpaka 1938 na kufanya kazi katika hospitali ya Saint-Louis mjini Paris, aliacha chakula cha kuvu ambacho labo za dunia yote bado zinatumia na kukiita kwa jina lake. Ni sukari, peptoni na agari. Leo watu wanaongeza antibiotiki ili mikrobi wengine wasiote. Unapanda magamba mu shamba hilo dogo, unaliweka ku joto la digrii 25 mpaka 30, unangoja majuma mawili mpaka manne. Trichophyton soudanense anaota na rangi ya manjano inayoelekea machungwa. Trichophyton violaceum anajitambulisha kwa rangi ya zambarau. Mkulima anatambua mmea kwa majani yake, na mtu wa labo vile vile.

Kuna pia taa ya Wood, ambayo Mmarekani Robert Wood alitengeneza chujio chake mwaka 1903, na waganga wa Ufaransa Margarot na Devèze wakaanza kuitumia kwa mapunye mwaka 1925. Mu chumba cha giza, nywele zenye Microsporum audouinii zinang'aa kijani. Lakini Trichophyton wengi hawang'ai hata kidogo. Kwa hiyo taa inayosema "ndiyo" inasaidia, taa inayosema "hapana" isikufanye ulale.

JINA LA KUVU LINAFANYA KAZI GANI?

Mwenzetu mmoja alituuliza: "Kama ni kuvu, si tunapaka tu pomadi, kazi inaisha?" Apana. Ku ngozi ya mwili pomadi inaweza kutosha. Ku kichwa haitoshi, juu kuvu anashuka ndani pamoja na mzizi wa nywele, fasi ambayo pomadi haifiki. Dawa inapaswa kumezwa, ipite mu damu, iingie mu nywele toka ndani.

Na dawa hizo hazifanani. Griseofulvini ilipatikana mwaka 1939 kutoka kwa kuvu mwingine wa jamii ya Penicillium, na mwaka 1958 ikaonekana kwamba ikimezwa inaponyesha magonjwa haya. Inafanya kazi vizuri zaidi kwa Microsporum, na inamezwa majuma 6 mpaka 8, mara nyingine zaidi. Terbinafini ni nzuri zaidi kwa Trichophyton, na muda wake ni mfupi. Kipimo kinafuata uzito wa mtoto, na munganga ndiye wa kuamua, si rafiki wa chumba wala muuzaji wa ku soko. Sasa fikiri: bila kupima, mzazi mwenye feza kidogo atanunua dawa ya majuma manane kwa ugonjwa ambao haupo, ao dawa isiyolingana na kuvu aliyepo. Nani atamrudishia feza zake?

Kuna kisa cha zamani ambacho kila shule ingepaswa kukijua. Mbele dawa ya kumeza haijapatikana, waganga wa Ulaya, wa Marekani na wa Israel walikuwa wanaangusha nywele za watoto wenye mapunye kwa mionzi ya X. Walifanya kwa nia njema, vichwa vilionekana safi, na watoto walirudi shuleni. Kisha miaka ilipita. Mwaka 1974 Modan na wenzake, Waisraeli, waliandika kwamba wale waliopigwa mionzi utotoni walikuwa wanapata uvimbe wa kichwani na kansa ya tezi ya shingo kupita wengine. Tunakumbusha jambo hilo juu ya fundisho moja: haraka ya kusafisha vichwa vya watoto inaweza kuacha deni ambalo watoto wenyewe watalipa wakiwa watu wazima.

NANI ANAENEZA?

Sasa tuje ku mashini ya kunyolea. Tukiamuru wote wanyolewe, tunafanya nini? Tunachukua mashini moja, inapita ku kichwa cha kwanza, cha pili, cha kumi, bila kusafishwa. Mbegu za kuvu zinakaa ku meno ya mashini, ku kisanuo, ku kofia, ku mto wa kitanda, na zinaweza kungoja pale miezi mingi. Kama kulikuwa mgonjwa mmoja, tulikusudia kumaliza ugonjwa na tumewapelekea wenzake tisa. Kunyoa peke yake hakuponyeshi mapunye, juu mzizi wa nywele unabaki chini na kuvu wake.

Sisi ni watoto wa inchi ya migodi, basi tuchukue mfano mu migodi. Katika migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika ya Kusini, kati ya 1941 na 1944, karibu wafanyakazi 3000 walipata vidonda vya kuvu anayeitwa Sporothrix. Mtu angeweza kusema: ni wachafu hao, wafukuzwe. Lakini watu wa labo walipanda usaha wa vidonda, wakapanda pia vitu vya mgodini, na kuvu yule yule akapatikana ku miti iliyokuwa inashikilia dari ya mashimo. Mfanyakazi alikuwa anajikwaruza ku mti, na kuvu anaingia. Basi wakatibu watu, wakatibu na miti kwa dawa ya kuua kuvu, na ugonjwa ukakoma. Kosa halikuwa la mfanyakazi. Lilikuwa mu mti. Je, sisi tulishapima mashini yetu?

WENYE KUPINGA

Tunajua yatakayosemwa, na wanaoyasema wana sababu zao.

Wa kwanza watasema: internati ni watu wengi, mwangalizi anapaswa kulinda wazima. Ni kweli kabisa. Lakini kulinda si kufukuza. Katika inchi nyingi miongozo ya afya inasema mtoto mwenye mapunye akianza dawa yake anaweza kuendelea na masomo. Akiwa na kisanuo chake, kofia yake na kitambaa chake cha kujipangusia, anaweza kuketi darasani. Mwaka uliopita mdogo wetu mmoja wa mwaka wa saba alikaa nyumbani majuma matatu juu ya kipara. Huko mzazi alimpeleka kwa munganga, magamba yakapimwa, ikaonekana hakuna kuvu. Nywele zilikuwa zinaanguka peke yake. Alirudi na karatasi ya munganga, lakini maulizo ya katikati ya mwaka yalikuwa yamepita, na jina la "Bwana Mapunye" lilikuwa linamngoja ku mlango. Jina hilo hakuna labo inayoweza kulifuta.

Wa pili watasema: feza ziko wapi? Tunajibu kwamba kwa kupima kwa potasi kinachohitajika ni kioo, kifuniko chake, tone la potasi na nusu saa ya fundi mwenye kujua. Tena shule yetu haiko mbali mu pori. Tuko katika komini ya Lubumbashi, katikati ya mji wenye chuo kikuu toka mwaka 1956, chenye kufundisha waganga. Kupeleka bahasha ya karatasi yenye magamba ya watoto watano si safari ya Kasenga.

Wa tatu watasema: tuna mikroskopi yetu mu kabati ya biolojia, tupime wenyewe. Hapa sisi tunasema polepole. Ni vema mwalimu wa biolojia atuonyeshe kuvu wa mkate uliooza, tujifunze nyuzi na mbegu ni nini. Mikroskopi inayokaa mu kabati mwaka mzima inafundisha vumbi tu. Lakini kichwa cha mtoto si zoezi la darasa. Potasi inaunguza macho na mikono, na jibu la ugonjwa linapaswa kutoka kwa mtu aliyejifunza kazi hiyo, tena liwe siri ya mgonjwa.

Wa nne, na hao ndio wengi, watasema: "Ni ugonjwa mudogo tu, haiue mutu." Kweli, mapunye hayaui. Lakini kuna kuvu wanaoua. Cryptococcus anaingia kwa pumzi, na kwa mtu ambaye kinga ya mwili imepungua juu ya ukimwi anapanda mpaka ku bongo na kuleta kichwa cha kuuma na shingo ngumu. Naye anatambuliwa ku labo: maji ya uti wa mgongo na tone la wino wa China, na ganda lake linaonekana sawa mwezi mweupe mu usiku. Asipotambuliwa, mgonjwa anakufa huku watu wakisema ni malaria ao ni uchawi. Shule inayojifunza kupima jambo dogo inafundisha watu ambao kesho watadai kupimwa kwa jambo kubwa.

KUHANI ALIRUDI KUANGALIA

Sisi ni shule ya Kiprotestanti, basi tufungue Biblia, Walawi sura ya 13. Kuna mistari juu ya ugonjwa wa kichwani na wa kidevuni. Mtu analetwa kwa kuhani. Kuhani hatoi hukumu palepale kama hajaona hakika. Anangoja siku saba, anaangalia tena. Mgonjwa ananyolewa, lakini fasi yenyewe ya ugonjwa inaachwa bila kunyolewa, ili ionekane kama inaenea ao haienei. Kisha siku saba zingine, na kuhani anaangalia mara nyingine. Ni kweli, mgonjwa alikuwa anatengwa, maana wakati ule hapakuwa na dawa wala mikroskopi. Lakini tuone moyo wa sheria ile: mwenye mamlaka juu ya mtu anapaswa kurudi kuangalia, na anapaswa kuwa tayari kutamka "wewe ni safi" kwa sauti ile ile ambayo angetamka "wewe si safi". Sisi tunaandika majina ku ukuta. Mwanafunzi akipona, nani anaandika ku ukuta kwamba amepona?

TUNAYOOMBA

Kwa heshima yote tunaomba hivi:

1. Kazi ya makapita ibaki kuona na kumpeleka mwanafunzi kwa muuguzi, basi. Tusiandike majina ku ukuta.

2. Muuguzi achukue magamba na nywele kwa njia safi, yapelekwe ku labo ya hospitali pamoja, mara moja kwa juma. Wazazi wajulishwe.

3. Mwanafunzi anayengojea jibu aendelee na masomo, akiwa na vitu vyake mwenyewe vya kichwa na vya kuoga. Asipewe jina la mchezo; mwenye kumpa aadhibiwe.

4. Mashini ya kunyolea isafishwe kwa dawa ya kuua kuvu kisha kila kichwa. Isipowezekana, wanyoaji wapumzike.

5. Ukaguzi wa ngozi uguse wote, wakubwa kwa wadogo, na miguu pamoja na vichwa. Sisi wa darasa la mwisho tuko tayari kuvua soksi wa kwanza.

Mwaka huu tunakwenda ku mtihani wa Serikali, kisha tutaondoka. Wadogo watabaki na watakuja wengine. Tungependa waikute shule ambamo mtu hahukumiwi kabla ya kupimwa. Mwenye neno lingine, awe mwalimu ao mwanafunzi, aliandike na kulileta kwa kamati ya gazeti. Tutalisoma katika namba inayokuja.

Wenu katika kazi,
Kapita wa wanafunzi, darasa la mwisho, kwa jina la makapita wote wa internati.